Mama wa njiti akisharuhusiwa wodini: tulichomfundisha kinaishia wapi?

NesiMstaafu (mwanzisha uzi)

Habarini wana jukwaa.

Nimekuwa muuguzi miaka 27. Kumi na moja ya mwisho nilikuwa chumba cha kangaruu, pale mama wanapolala na watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, wakiwa wamewafunga kifuani wapate joto, wakisubiri waongeze kilo. Sasa nimestaafu, niko kijijini na kuku wangu, na muda wa kuandika ninao.

Kuna "umeelewa?" moja niliyowahi kumuuliza mtu ambayo mpaka leo inanisuta.

Tulikuwa na binti wa miaka 19, uzazi wa kwanza, mtoto kazaliwa wiki ya 31 na gramu 1,380. Walikaa nasi siku 26. Binti alikuwa mwepesi wa kushika. Wazazi wapya wakija, yeye ndiye tuliyemtuma awaonyeshe kukamua maziwa. Mtoto alipofika gramu 1,800 na kunyonya bila kuchoka, daktari akaandika ruhusa. Nikakaa naye dakika kumi, nikamwaga yote: joto, maziwa, usafi, dalili za hatari, tarehe ya kliniki. Mwisho nikamuuliza, "Umeelewa?" Akasema, "Nimeelewa, nesi." Nikasaini.

Siku ya nane huyo karudi. Mtoto kavishwa sweta mbili, kazungushiwa mablanketi matatu, na ndani ya mablanketi hayo yote ni wa baridi kama maji ya mtungi. Kipimajoto kikasoma 34.9. Mzani, gramu 1,650.

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia, hebu mfunge hapa mbele yangu kama unavyomfunga nyumbani. Akatoa khanga mfukoni, akafunga. Khanga ikateleza, mtoto akashuka mpaka kitovuni, shingo ikapinda. Akafungua, akafunga tena, ikateleza tena. Akaanza kulia. Ndipo likanijia: siku zote 26 alikuwa anatumia kile kitambaa cha wodi, cha kuvutika, ambacho asubuhi ya kuondoka alikikunja vizuri akakirudisha kabatini. Tulimfundishia kitu ambacho kwao hakipo.

Na kila nikimuuliza jambo anatupa jicho mlangoni. Pale benchi alikaa mama mkwe. Nikamwita ndani. Mama mtu mzima, mpole kabisa, wala si mkwe wa kwenye maigizo. Akaniambia, "Mwanangu, nimelea saba. Sijaona mtoto anakaa kifuani kutwa kucha. Nikaona huyu binti anamdekeza mtoto, kazi zinalala. Nikamwambia amlaze, amfunike." Siku zote zile alikuwa anakuja saa ya kuona wagonjwa, anatoa chupa ya uji, anaondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kitu.

Mtoto alipona, walikaa siku 12 zaidi. Mimi neno "umeelewa" nikaliacha kabisa. Nikawa nasema "nionyeshe", tena kwa khanga yako uliyotoka nayo kwako, na kikombe chako. Na yule atakayeishi na wewe nyumbani, awe mama, mkwe, wifi au mume, lazima alale wodini au ashinde nasi siku mbili kabla ya ruhusa, na yeye amfunge mtoto kifuani nikiwa namtazama.

Tuongee. Wenye njiti, mlifundishwa nini, na mlipofika nyumbani kikatokea nini?

---

Kapuku255

Shikamoo nesi. Samahani kwa ushamba, hilo la kifuani linafanywaje? Mke wangu ana miezi sita na presha inamsumbua, nataka nijue mapema.

---

NesiMstaafu

Marahaba. Si ushamba, umefanya vyema kuuliza sasa.

Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi tu. Mama anavua blauzi na sidiria. Mtoto unamsimamisha katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, mikono na miguu imekunjwa kama chura, uso umeelekea pembeni, kidevu kimeinuka kidogo ili njia ya hewa isibanwe. Hapo kwenye kidevu ndipo wengi wanapokosea. Kidevu kikilala kifuani kwa mtoto mwenyewe, hewa haipiti sawasawa.

Khanga inapita mgongoni kwa mtoto, ukingo wa juu unaishia chini ya sikio, wa chini unashika makalio. Kaza eneo la kifua cha mtoto, tumboni acha nafasi apumue. Khanga ikiwa mpya na ina wanga, ifue mara mbili tatu kwanza. Khanga kuukuu ndiyo inayoshika. Fundo liwe ubavuni ili mama aweze kuegemea. Juu yake vaa shati la baba la vifungo au jaketi. Usiku mama halali chali kabisa, anaegemea mito, hata gunia la nguo, mgongo umeinuka.

Kwa muda gani? Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linasema saa 8 mpaka 24 kwa siku, na kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo vyema. Unaendelea mpaka afike kama kilo mbili na nusu, au mpaka yeye mwenyewe aanze kujinyonganyonga anataka kutoka. Wanakataa wenyewe, utaona.

Na presha ya mkeo usiichezee. Kichwa kikimuuma sana, macho yakiona ukungu au uso ukivimba, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

---

BodaWaGoba

Nesi, mimi ni baba wa pacha njiti, wako darasa la kwanza sasa. Mmoja alizaliwa na 1.5 mwingine 1.3. Wife alipasuliwa, hawezi kubeba wawili. Nesi mmoja akanivua shati pale pale mbele za watu, akaniwekea yule mdogo. Nilikuwa nanuka petroli, akanituma kwanza nikaoge 😂

Kijiweni walinitania mwezi mzima, "mama kangaruu kafika". Ila nakwambia, yule mdogo alikuwa anahema kwa shida, akikaa kifuani kwangu dakika ishirini anatulia. Wengine wakaanza kunifuata pembeni, wananong'ona, eti inafanywaje.

---

NesiMstaafu

Kifua cha baba kinafaa sawa na cha mama, na cha bibi vilevile. Mama anapooga, anapokula, anapolala saa mbili za maana, mtoto ahamie kifua kingine. Kinachotakiwa ni mwili wenye joto, usio na mafua wala kikohozi, mikono imeoshwa kwa sabuni. Harufu ya sigara hapana.

---

MzeeWaTakwimu

Kwa heshima zote, hizi ni mbinu za nchi maskini. Wenzetu Ulaya wana mashine za joto. Tunasifia umaskini badala ya kudai vifaa.

---

NesiMstaafu

Una nusu ya hoja. Ni kweli ilianzia kwenye uhaba. Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey aliona watoto wanawekwa wawili watatu kwenye mashine moja na wanaambukizana, akawapa mama zao wawabebe kifuani.

Ila soma kilichofuata. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, Muhimbili ikiwemo. Watoto 3,211 wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya 1.8. Kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. La pili likatunzwa kwenye mashine za joto kwanza mpaka hali itulie, kifua kikafuata baadaye. Kwenye kundi la kwanza walifariki asilimia 12.0 ndani ya siku 28, la pili asilimia 15.7. Kwa hiyo wenye mashine ndio waliopoteza wengi zaidi. Huko Ulaya unakokusema, Sweden mama anakaa na mtoto kifuani ndani ya chumba chenye mashine zote.

Vifaa tudai, mimi nimedai miaka 27: oksijeni, mashine za kusaidia kupumua, wauguzi wa kutosha. Lakini mama si kifaa cha akiba cha kutumia umeme ukikatika.

Na kuhusu nyumbani, kuna utafiti mkubwa wa jimbo la Haryana, India, uliotoka 2019, watoto zaidi ya 8,000. Kule wahudumu waliwafuata mama majumbani, wakawafundishia sebuleni kwao pamoja na jamaa zao. Vifo vya mwezi wa kwanza vikapungua kwa karibu asilimia 30. Sebuleni kwao, mkuu. Hapo ndipo penye hoja ya uzi huu.

---

BiMwanaidi_Mvita

Salaam aleikum nyote. Mimi ni bibi, niko Mombasa. Mwanangu nesi, nimekusoma kwa makini na lile la mkwe limenigusa, kwani mkwe ndiye mimi.

Mjukuu wangu alizaliwa na ratili tatu na kitu, tukimtazama twaogopa kumshika. Mimi nalishika mambo yangu: mzazi hatoki siku arobaini, mlango wafungwa, udi wafukizwa, mtoto akandwa kwa mafuta moto asubuhi na jioni. Akaja yule muhudumu wa afya wa mtaa, wa wale waliopewa mikoba na serikali, yuna mzani na kipimajoto. Hakunigombeza. Aliketi, akanywa kahawa, akaniuliza, "Bibi, katika arobaini yako yapi yamsaidia huyu mtoto?" Tukayahesabu pamoja. Mzazi kutotoka, lamsaidia. Wageni kutoingia, lamsaidia. Mzazi kulishwa na kutofanya kazi, lamsaidia sana. Udi akanambia tuutoe nje, kifua cha mtoto hakiwezi moshi. Kukandwa tungoje akue. Basi. Ilimradi arobaini yangu ikabaki, ikapungua mawili tu.

Na kikombe cha kumnyweshea tulitumia finjani ya kahawa. Saizi yake barabara.

---

NesiMstaafu

Bibi, shikamoo. Ningekuwa nafundisha wanafunzi wa uuguzi bado, ningewasomea maneno yako kama yalivyo. Sisi tuliosomea tunaingia nyumba ya mtu tunaanza na orodha ya makatazo.

Hiyo finjani nayo ni dhahabu. Wengi hawajui kunywesha kwa kikombe. Mtoto anakaa wima mapajani, yuko macho, si usingizini. Ukingo wa kikombe unagusa mdomo wa chini, unainamisha mpaka maziwa yafike mdomoni tu, halafu unangoja. Atatoa ulimi kama paka, ataramba. Usimmiminie. Ukimmiminia anapaliwa na maziwa yanaingia mapafuni. Chuchu za plastiki weka mbali, chupa ni ngumu kuisafisha na inamfanya asahau titi.

Jambo lingine, vipimo. Wodini tunamwandikia mama "mililita 30 kila baada ya saa 3", naye nyumbani hana bomba la sindano wala hajui mililita ni nini. Kijiko cha chai kimejaa ni mililita 5. Mwambie "vijiko sita", basi kaelewa. Na saa zetu zimekaa vizuri kwa hili: saa 12, saa 3, saa 6, saa 9, mchana, halafu zilezile usiku. Ndiyo milo minane. Njiti halii njaa kama mtoto mkubwa, analala tu mpaka sukari inashuka. Anaamshwa. Kiasi chenyewe kinapanda na uzito, kwa hiyo kila kliniki uliza, "Sasa vijiko vingapi?"

---

MamaZawadi

Asante nesi kwa uzi huu, mungu ndiye kanionyesha. Mwanangu ana wiki 5, alizaliwa wiki ya 32. Tumetoka hospitali siku 6 zilizopita na gramu 1,710. Nina maswali mengi, naombeni msinicheke.

Majirani wananiambia nimwanike juani asubuhi kwa sababu macho yake yana unjano kidogo. Pia anapumua haraka haraka halafu anatulia kabisa kama sekunde tano, kisha anaendelea. Naogopa kulala. Na chumbani kwetu kuna baridi, tuko Makete, mume anataka tuweke jiko la mkaa.

---

NesiMstaafu

Mama Zawadi, hakuna wa kukucheka. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linaloua haraka.

Jiko la mkaa HAPANA. Msilale nalo, hata dirisha likiwa wazi. Hewa yake haina harufu wala rangi, mnaweza kulala watatu msiamke hata mmoja. Chupa za maji ya moto pembeni ya mtoto nazo hapana, nimeuguza ngozi zilizoungua kwa chupa hizo na ngozi ya njiti ni kama karatasi. Makete naijua baridi yake. Joto lake ni wewe. Kofia isitoke kichwani, nepi ikilowa ibadilishwe papo hapo, mablanketi yawe juu yenu wote wawili, yasiwe kati yenu. Kuoga kila siku asahau kwanza, mpanguse kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Huna kipimajoto? Gusa tumbo kwa nyuma ya mkono, kisha gusa nyayo. Nyayo zikiwa baridi na tumbo joto, ameanza kupoa, mrudishe kifuani mara moja. Tumbo nalo likiwa baridi, mnaenda kituoni, tena akiwa kifuani njia nzima.

Kupumua kwa namna hiyo, kutulia sekunde tano kisha kuendelea na rangi yake haibadiliki, njiti wengi wanafanya. Akitulia kufikia sekunde 20, au akawa wa bluu midomoni, msugue mgongo au nyayo apate kushtuka, na mkimbieni hospitali hata akizinduka. Mhesabu pumzi dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili. Ukipata 60 au zaidi, hesabu tena. Bado ni 60? Nenda. Mbavu zinaingia ndani akivuta hewa? Nenda. Hataki kunyonya, ana degedege, amelegea mpaka umguse ndipo asogee, ana moto mwilini? Usisubiri kuche.

Unjano: jua halitibu unjano mkubwa, na kwa baridi ya kijijini kwenu, kumwanika nje kutampoza tu. Wiki 5 akiwa bado na unjano inatakiwa aonwe na daktari, hata kama ni kidogo. Kesho mpeleke. Angalia na choo chake: kikiwa cheupe kama chokaa, mwambie daktari hilo kabla ya jingine lolote.

Nani yuko nyumbani na wewe?

---

MamaZawadi

Mama mkwe na wifi. Mume anaondoka alfajiri shambani. Kesho tunakwenda, nimeshamwambia.

---

Chinga_wa_Kati

Bibi yangu alisema njiti wa miezi saba anaishi ila wa miezi nane hafiki. Hili limekaaje?

---

NesiMstaafu

Halipo. Kila wiki anayoongeza tumboni inamuongezea nguvu. Hatari ya msemo huu ni kwamba wa miezi nane wanamkatia tamaa mapema, kwa wa saba wanabweteka.

---

Mwalimu_Tabu

Mimi niongeze la kazini, maana wengi hawajui. Nilijifungua wiki ya 30 nikiwa mwajiriwa, siku 84 za likizo ziliisha mtoto akiwa na kilo mbili na robo. Nilirudi kazini maziwa yanachuruzika, nakamulia stoo. Sheria ya kazi ya Tanzania imerekebishwa 2025, sasa mzazi wa njiti anaongezewa muda. Ulizeni kwa waajiri wenu, msikubali kuambiwa haipo.

Na jingine: msilinganishe watoto. Mwanangu wa miezi sita alikuwa hakai, mama yangu analia kwamba ni mlemavu. Daktari akatuchorea: toa wiki 10 alizowahi, huyu ni wa miezi mitatu na nusu hivi. Tukatulia. Chanjo ndizo zinahesabiwa tangu siku aliyozaliwa.

---

NesiMstaafu

Mwalimu, ahsante. Hesabu hiyo ya kutoa wiki tumieni mpaka karibu miaka miwili. Na waliozaliwa chini ya gramu 1,500 au kabla ya wiki ya 32 waulizie kupimwa macho mtoto akiwa na kama mwezi mmoja. Mama Zawadi, wako amefikisha wiki 5. Hata kama kadi yake haisemi, uliza hukohuko uendako.

---

BodaWaGoba

Mama Zawadi vipi, mlifika?

---

MamaZawadi

Tulifika jana. Wamemchukua damu, wamesema kiwango si cha kutisha, turudi Jumatatu. Choo ni cha njano, nimemwambia daktari. Macho wametupa barua ya kwenda mkoani.

Na nimefanya ulichosema. Nilimpa mama mkwe simu akasoma uzi wote, hasa pale kwa Bi Mwanaidi, alicheka. Jioni akaniambia "nionyeshe". Nikamfunga mtoto kifuani kwake kwa khanga yake mwenyewe ya zamani. Kidevu nilikirekebisha mara mbili. Alikaa naye saa mbili akimenya viazi, mimi nikalala kama maiti.

---

NesiMstaafu

Kumenya viazi sawa, asiinamie moto tu. Mzani ulisemaje?

---

MamaZawadi

1,890. Tulitoka na 1,710.

---

NesiMstaafu

Gramu 180 kwa siku 7. Kama 26 kwa siku. Hapo hapo. Uliza Jumatatu vijiko vimepanda kuwa vingapi, na mkweo mwachie zamu ya jioni.